Kununua nyumba ya mnada: wakala ana kazi gani?

Nchini Kenya, mkopaji anapolemewa na deni, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humtaka mkopeshaji ampe notisi ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40, kabla ya kuuza nyumba. Dalali wa mnada huteuliwa na mkopeshaji. Anayetaka kununua hana budi kutafuta wakala wake mwenyewe, aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533.

Kazi kubwa ya wakala huyo ni kabla ya siku ya mnada: kukadiria bei halisi, kudadisi malimbikizo ya kodi ya ardhi ya kaunti na, zaidi ya yote, kujua ni nani anayeishi humo. Sheria humlinda mnunuzi mwaminifu, lakini haimfungulii mlango. Familia inayokataa kuhama huweza kumpeleka mahakamani kwa muda mrefu. Iwapo ni nyumba ya ndoa, wakili naye athibitishe kwamba mwenzi aliridhia rehani.

Ada ya wakala iandikwe mapema. Anayelipwa tu nyumba inaponunuliwa (na wengi hulipwa hivyo) ni nadra kumwambia mteja aachane nayo.