Kumiliki na Kuwako: Historia ya Kitenzi 'Have' Miongoni mwa Wachina Wanaojifunza Kiingereza

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi Wachina huitambua sentensi ya aina hii mara moja: "There have many people in the room." Pengine huikuta katika umbo jingine: "In my village has a river." Kalamu nyekundu hupita, 'have' hufutwa na mahali pake huwekwa 'are' au 'is', na mwanafunzi hukumbushwa kanuni. Baada ya majuma machache sentensi ileile hurudi. Kosa linalosahihishwa mara nyingi kiasi hicho na bado likarejea haliwezi kuhesabiwa kuwa ni la uzembe tu. Ni lazima liwe na mizizi, na mizizi hiyo ina historia.

Makala haya yanaichunguza historia hiyo tangu enzi ya biashara ya Guangzhou hadi wakati wa mitihani ya taifa la Uchina la leo. Hoja inayotetewa ni kwamba ugumu wa 'have' kwa msemaji wa Kichina umetokana, kwa sehemu kubwa, na mlingano mmoja wa kamusi: 'have' ni sawa na yǒu. Mlingano huu umerithiwa na vizazi vingi vya wanafunzi bila kufafanuliwa. Si wa uongo. Ni kweli kwa nusu, na jambo lililo kweli kwa nusu huwa gumu kung'oa kuliko lile ambalo ni uongo mtupu. Aidha, itadhihirika kwamba msomaji wa Kiswahili ana nafasi ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa lugha yake inasimama karibu zaidi na Kichina kuliko Kiingereza kuhusu suala hili.

Mkono Mmoja, Njia Mbili

Kitenzi 'have' kilikuwa habban katika Kiingereza cha Kale. Wanaisimu wa historia hukihusisha na mzizi wenye maana ya kukamata au kushika, na kwa hivyo jamaa yake katika Kilatini ni capere, kukamata, wala si habere, ijapokuwa masikio hudanganyika kwa mfanano wa sauti. Upande wa Uchina, Xu Shen, mtunzi wa kamusi ya Shuowen Jiezi iliyokamilika yapata mwaka wa 100 B.K., aliichambua alama ya yǒu kuwa imeundwa kwa alama ya mwezi. Uchunguzi wa maandishi ya kale yaliyochorwa kwenye vyombo vya shaba umewaongoza wataalamu wa baadaye kwenye maelezo mengine: alama hiyo ni mkono ulioshika nyama. Ni kweli kwamba mchoro wa neno hueleza fikira za waandishi kuliko asili ya neno lenyewe. Hata hivyo, inastaajabisha kwamba pande zote mbili za dunia dhana ya kumiliki ilianzia kwenye mkono.

Kutoka hapo njia ziliachana. Katika Kiingereza mkono ule ulibaki kuwa mkono wa mtu. Mwenye kumiliki alishika nafasi ya kiima, kilichomilikiwa kikawa yambwa. Baadaye kitenzi kilipanuka kuelekea kwenye tendo: aliye na barua iliyoandikwa akawa ndiye aliyeiandika, na kwa njia hiyo 'have' ikawa kitenzi kisaidizi cha hali timilifu. Ikaongezwa pia maana ya kulazimika na maana ya kumfanya mtu mwingine atende. Kuwako kwa kitu, hata hivyo, Kiingereza kilikuachia kitenzi 'be' kikitanguliwa na 'there'.

Kichina kilipanua yǒu kuelekea upande ambao Kiingereza hakikwenda. Yǒu hueleza kumiliki, na hueleza kuwako pia. Mtu akitajwa mwanzoni, maana ni kumiliki. Mahali pakitajwa mwanzoni, maana ni kuwako. Kitenzi hakibadiliki hata kidogo. Katika lugha ya kifasihi ya kale kinyume chake kilikuwa wú, na maneno haya mawili yakawa nguzo za mijadala ya wanafalsafa tangu kitabu kinachonasibishwa na Laozi. Graham (1959) alionyesha kwamba dhana ambazo falsafa ya Magharibi ilizikusanya chini ya kitenzi kimoja cha 'kuwa' zimegawanywa katika Kichina kati ya maneno mbalimbali, na kwamba kuwako kulipewa neno lilelile la kumiliki.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kusadikishwa sana. Husema 'nina kitabu', 'mezani pana kitabu', 'kuna watu nje', na kote huko ni -na ileile inayofanya kazi. Sentensi 'mezani pana kitabu' inalingana na ya Kichina hatua kwa hatua: mahali, kisha neno la kumiliki, kisha kitu. Tofauti ni kwamba Kiswahili hakikuanzia kwenye mkono unaoshika. Kilianzia kwenye uandamano, kwani kuwa na kitu ni kuwa pamoja nacho. Benveniste (1960) alikwisha kueleza kwamba kitenzi mahususi cha kumiliki si hitaji la lugha zote. Kwa mtazamo huo, Kiingereza ndicho kinachohitaji kuelezewa hapa, wala si Kichina.

Bandari na Vijitabu

Tangu 1757 hadi mkataba wa Nanjing wa 1842, biashara ya baharini kati ya Uchina na mataifa ya Magharibi ilifungiwa katika bandari moja, Guangzhou, ambayo Wazungu waliiita Canton. Hapo ndipo pijini ya Kiingereza ilipokomaa. Katika pijini hiyo 'hab got' ilieleza kumiliki na kuwako kwa pamoja, sawasawa na yǒu. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa ni kosa. Shehena za chai na hariri zilinunuliwa kwa lugha hiyo, na Waingereza wenyewe iliwabidi kuijua.

Wafanyabiashara wa Guangzhou walijifunzia maneno kwenye vijitabu vyembamba vilivyodai kufundisha lugha ya 'watu wenye nywele nyekundu'. Kila neno la Kichina lilifuatwa na matamshi ya neno la Kiingereza, nayo yaliandikwa kwa alama za Kichina zilizosomwa kwa lafudhi ya Kikantoni. Herufi za Kilatini hazikuwamo, wala sentensi. Neno moja lilipewa tafsiri moja, na basi. Robert Morrison, mmishenari aliyetoa kamusi yake kubwa kati ya 1815 na 1823, alifanya kazi pana zaidi kwa manufaa ya wageni waliojifunza Kichina. Mnamo 1862 Tang Tingshu, aliyesoma katika shule ya Jumuiya ya Elimu ya Morrison huko Hong Kong na baadaye akawa wakala wa kampuni ya Jardine Matheson, alichapisha kitabu cha kujifunzia Kiingereza chenye juzuu sita. Kilikuwa hatua kubwa mbele, lakini nia yake ilikuwa bado ile ya sokoni: mtu apate haraka neno la kujibu.

Mwaka huohuo wa 1862 serikali ya Qing ilifungua Tongwen Guan mjini Beijing ili kuwafunza wakalimani wa dola. Lugha ya ubalozi ilipoingia, lugha ya bandari ilianza kudharauliwa. Charles Godfrey Leland alitoa mwaka wa 1876 mkusanyo wa mashairi na hadithi za kuchekesha zilizoandikwa kwa pijini hiyo. Jambo hili linauhusu uhakiki wa fasihi moja kwa moja. Muundo uliokuwa chombo halali cha mapatano baina ya pande mbili uligeuzwa kuwa alama ya mhusika mmoja tu, Mchina wa kuchekwa. Tangu hapo kosa la 'have' halikuwa tena suala la sarufi peke yake, lilibeba aibu.

Wanasarufi na Swali Jipya

Ma Jianzhong, aliyesomea Ufaransa, alichapisha mwaka wa 1898 sarufi ya Kichina iliyojengwa juu ya kielelezo cha Kilatini. Alipofika kwenye yǒu alikwama. Neno hili halikutenda kama vitenzi vingine, wala halikuweza kuachwa nje ya jamii yao. Akaliweka katika kundi dogo la maneno 'yanayofanana na vitenzi'. Yan Fu, mfasiri mashuhuri, alifuata mwaka wa 1904 kwa sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya Wachina.

Mageuzi ya kweli yalitokea baadaye. Lin Yutang, katika sarufi yake ya miaka ya 1930, aliufuata mwelekeo uliopewa nguvu na Jespersen wa kuanzia kwenye dhana badala ya umbo. Swali la vijitabu lilikuwa: 'have' maana yake nini? Swali la njia hii ni jingine: Kiingereza husemaje kwamba kitu kipo? Anayeuliza hivyo hawezi kuishia kwenye mlingano mmoja. Lü Shuxiang, mwanasarufi mkubwa wa Kichina, alilisogeza jambo hili mbele katika kitabu chake cha 1947 kuhusu Wachina wanaojifunza Kiingereza. Alisisitiza ulinganishi: mwanafunzi aione lugha yake mwenyewe waziwazi, ajue inapoachana na ile ya kigeni. Lugha ya mama ilikuwa ikilaumiwa kama kikwazo. Lü aliifanya kuwa taa.

Taa hiyo haikuwaka kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 Kirusi ndicho kilichopewa nafasi ya kwanza mashuleni. Mpango wa 1964 ulikirudishia Kiingereza hadhi hiyo, lakini Mapinduzi ya Utamaduni yakaanza 1966. Mtihani wa kuingia vyuo vikuu uliporejeshwa mwaka wa 1977, mamilioni ya vijana walihitaji maneno mengi kwa muda mfupi, na orodha ya maneno ikashika tena hatamu: Kiingereza kushoto, Kichina kulia. Kwa umbo, ilikuwa ni kijitabu cha Guangzhou kilichorudi na herufi za Kilatini.

Mlango wa Hali Timilifu

Utata wa pili umo katika 'have' kama kitenzi kisaidizi. Kichina sanifu huonyesha tendo lililokamilika kwa le, ambayo asili yake ni kitenzi cha kumaliza, liǎo. Hapa tena Kiswahili ni jirani yake, kwani -me- huhusishwa na kitenzi cha kale -mala, chenye maana hiyohiyo. Lugha zote mbili zilifika kwenye hali timilifu kupitia kumaliza, ilhali Kiingereza kilipitia kumiliki.

Lakini Kichina kina mtego mmoja. Katika ukanushi, tendo lisilotendeka hukanushwa kwa méiyǒu, yaani 'kutokuwa na'. Kwa hiyo mwanafunzi huliona daraja upande wa ukanushi tu, na daraja lenyewe ni pana kupita kiasi, kwa kuwa méiyǒu hufunika 'did not' na 'have not' pasipo kubagua. Kusini mambo ni tofauti tena. Katika Kimin cha Kusini neno linalolingana na yǒu huweza kutangulia kitenzi katika sentensi yakinishi ili kuthibitisha kwamba tendo limefanyika, na Kichina sanifu cha Taiwan kimeupokea muundo huo. Huko Singapore, Kiingereza cha mitaani hutumia 'got' kwa kumiliki, kwa kuwako na kwa tendo lililotendeka. Ni dhahiri basi kwamba 'mwanafunzi Mchina' wa vitabu vya kiada ni jina moja linaloficha watu wengi.

Kosa Kama Ushahidi

Corder (1967) aliwataka walimu wayasome makosa kama ushahidi wa mfumo unaojengwa akilini mwa mwanafunzi. Schachter na Rutherford (1979) walionyesha kwamba baadhi ya sentensi zinazoonekana kuvunja sarufi hufuata mpangilio wa mada na maelezo uliotoka lugha ya kwanza. Sentensi ya "In my village has a river" ni ya aina hiyo: kijiji ni mada, mto ni habari yake.

"There have many people" inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Watu wengi huiita Kichina kilichovishwa maneno ya Kiingereza. Sivyo, kwa sababu Kichina hakina neno linalofanya kazi ya 'there' hiyo. Mwanafunzi ameshatambua kwamba Kiingereza kinadai kitu mbele ya kitenzi, naye amekiweka. Kilichobaki ni kitenzi chenyewe. Sentensi hii si ya Kichina wala si ya Kiingereza. Ni ya mtu aliye katikati ya safari. Kalamu nyekundu inayoifuta bila maelezo humwonyesha alichokosa na kumficha alichokwisha kukipata.

Hitimisho

Historia hii imeonyesha kwamba mlingano wa 'have' na yǒu ulizaliwa na haja ya soko, ukadharauliwa na tabaka la wasomi, ukachambuliwa na wanasarufi, kisha ukafufuliwa na haja ya mtihani. Katika kila awamu mwanafunzi ndiye aliyelipa gharama.

Suala hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2005, Wakenya nao wanakutana na yǒu, mara nyingi kwa kupitia tafsiri ya Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili hupelekwa basi hadi 'have', kisha hadi 'there is', ili afike mahali ambapo -na ya lugha yake ilikuwa ikimngojea. Mfasiri wa fasihi ya Kichina anayepitia Kiingereza hupata hasara kubwa zaidi, kwa kuwa hupokea kumiliki na kuwako vikiwa vimekwisha kutenganishwa na mtu mwingine. Hata akienda moja kwa moja kwenye Kichina, kazi yake haitakuwa nyepesi. Yǒu huweza kusimama bila kiima, lakini -na hudai kiambishi: ana, kuna, pana, mna. Kiswahili humlazimu mfasiri aseme ni nani aliye nacho, au ni mahali pa namna gani kilipo. Uamuzi huo ni wa kihakiki, na anayeufanya anapaswa kuufanya akiyatazama maandishi ya Kichina yenyewe.