Mkondo wa Chini: Kumfuata Jim Hall Santuri kwa Santuri

Filamu ya Jazz on a Summer's Day inafunguka kwa maji. Ni kiangazi cha mwaka 1958 huko Newport, mji wa pwani katika jimbo la Rhode Island, Marekani, na mawimbi madogo yanavunjavunja vivuli juu ya bahari. Wanaosikika ni watu watatu: Jimmy Giuffre na saksafoni yake, Bob Brookmeyer na tromboni, na kijana mmoja wa gitaa aitwaye Jim Hall. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna piano. Mapigo yote yamemwangukia mwenye gitaa, naye hapandishi sauti hata kidogo. Mara ya kwanza nilipoitazama, masikio yangu yaliwafuata wapulizaji. Mara ya pili nikajaribu kulisikiliza gitaa peke yake, na nikatambua kwamba bila hilo wale wawili ni mashua zisizo na nanga. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuata njia yake, santuri kwa santuri.

Chimbuko lake liko kaskazini mwa Marekani. Hall alizaliwa Buffalo tarehe 4 Desemba 1930, akakulia Cleveland, Ohio. Gitaa la kwanza alinunuliwa na mama yake akiwa na miaka 10. Alipofika 13 akasikia santuri ya Benny Goodman iitwayo "Grand Slam", na ndani yake gitaa la Charlie Christian. Christian alikuwa tayari amefariki, mwaka 1942, akiwa na miaka 25 tu. Lakini alikuwa ameonyesha kwamba gitaa la umeme linaweza kusimama mbele na kusema kama tarumbeta. Hall aliendelea kusimulia siku hiyo hadi uzeeni, kama mtu anavyosimulia siku aliyopata imani.

Hapo pana jambo la kutafakari. Christian aliutumia umeme ili asikike. Hall, mwanafunzi wake wa mbali, aliona faida nyingine ndani ya umeme huohuo: kama amplifaya inaweza kubeba sauti, mkono wa mpigaji hauna haja ya kuipigania. Sauti aliiweka chini, akagusa nyuzi kwa wepesi. Kiswahili chetu kina neno kucharaza, na twalitumia kwa gitaa kama tunavyolitumia kwa viboko. Kwa wapigaji wengi linafaa kabisa. Kwa Hall linakwama mdomoni, kwa sababu yeye hakulichapa gitaa; alilisemesha.

Mwaka 1955 alimaliza masomo katika chuo cha muziki cha Cleveland, akaelekea Los Angeles. Huko akaingia kundi la Chico Hamilton, mpiga ngoma aliyechanganya gitaa, besi, filimbi na selo, ala zisizozoeana katika jazz. Mwaka 1957 akajiunga na Giuffre, na huyu ndiye aliyemkamilisha. Giuffre alitaka ala zote zipumue kama mtu mmoja. Gitaa, ambalo kila nota yake huanza kwa mdonoo, lilipaswa kujifunza kuvuta maneno kama mpulizaji. Hall akaufundisha mkono wa kushoto kutoa nota kwa kubonyeza na kuteleza tu, mkono wa kulia ukiwa umetulia. Ule ulaini tunaousikia ulifanyiwa kazi ngumu.

Kisha ukafika mwaka 1962, na hapa hutaki kupita haraka. Mwaka 1959 mpiga saksafoni Sonny Rollins, akiwa kileleni, alijiondoa majukwaani kwa kuwa hakuridhika na upigaji wake. Kwa zaidi ya mwaka alikwenda kufanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, New York, mto ukipita chini yake, ili asiwasumbue majirani. Aliporudi angeweza kumwita yeyote. Akamchagua Hall, na akaiacha piano nje. Santuri yao iliitwa The Bridge. Saksafoni ya Rollins ina kifua kipana. Mpigaji mwenye tamaa angeshindana nayo, naye mwoga angepotea. Hall hafanyi mojawapo. Anaweka nota mbili tatu kwa pamoja mahali ambapo Rollins anahitaji kukanyaga, kisha anaondoa mkono. Ni kama mwenyeji anayesogea kwenye jamvi kabla mgeni hajaomba nafasi.

Mwaka huohuo alikaa studio na mpiga piano Bill Evans, wawili peke yao, wakarekodi Undercurrent. Jalada lake ni picha ya Toni Frissell: mwanamke aliyevaa nguo nyeupe akielea majini. Piano na gitaa ni ala zinazogongana upesi, maana zote mbili zinaweza kujaza chumba. Sikiliza "My Funny Valentine", wimbo uliozoeleka kwa mwendo wa taratibu, lakini hapa unakimbia. Evans anapochukua nafasi ya mbele, Hall anageuka kuwa ngoma na besi kwa pamoja: mapigo manne kwa kila kipimo, makavu, hayayumbi. Anamkumbusha msikilizaji Freddie Green, aliyeshika rizimu ya bendi ya Count Basie tangu 1937 kwa takriban miaka 50, karibu bila kujitokeza mbele. Usipomtafuta Hall hapo hutamwona, lakini ndiye anayelisukuma jahazi.

Mwaka 1975 ulimkuta akiwa na jina lake mwenyewe mbele. Katika santuri ya Concierto alichukua kazi ya Joaquín Rodrigo, Concierto de Aranjuez, iliyotungwa ili gitaa moja lizungukwe na okestra nzima. Ni kiti cha enzi cha mpiga gitaa. Hall akakigawa. Katika dakika zaidi ya 19, upande mzima wa santuri, zamu zinawafikia Chet Baker kwa tarumbeta na Paul Desmond kwa saksafoni, na mwenye santuri yumo kama mmoja wao. Mwaka huohuo alirekodi mbele ya hadhira mjini Toronto, na Don Thompson kwenye besi na Terry Clarke kwenye ngoma; wapiga gitaa wengi waliofuata, Pat Metheny akiwa mmojawapo, waliigeuza santuri hiyo kuwa darasa.

Ninachokipata mwishoni mwa safari hii ni kwamba Hall hakuwa mpole kwa kukosa nguvu. Alichelewesha sauti yake mpaka ameisikia ya mwenzake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yake bora imo katika santuri zenye majina ya watu wengine, na ndiyo maana watu hao walimtafuta.

Agosti 2013 alirudi Newport, miaka 55 baada ya ile filamu. Alikuwa na miaka 82. Pembeni yake alimweka mgeni mwenye gitaa pia, Julian Lage, kijana wa miaka 25. Tarehe 10 Desemba mwaka huo, siku sita baada ya kutimiza miaka 83, alifariki nyumbani kwake Manhattan. Katika rekodi ya siku ile ya Newport kuna nyakati ambapo mzee ananyamaza kabisa na kijana anapiga. Mimi huongeza sauti hapo, nimsikie Hall anavyosikiliza.