Wanawake Watatu Waokotao Masuke

Katika Ufaransa ya karne ya 19 wakubwa wa sanaa walikuwa wamezipanga picha kwa madaraja. Juu kabisa waliketi wafalme, mashujaa wa vita, miungu ya Wagiriki na matukio ya Biblia. Mtu wa kawaida, alimaye au apikaye, alitengewa picha ndogo tu. Gustave Courbet aliuvunja mpango huo alipochora maziko ya kijijini kwao Ornans katika kitambaa chenye upana wa zaidi ya mita 6, kana kwamba amezikwa mfalme.

Lakini sisi twapenda kukaa zaidi mbele ya Jean-François Millet, aliyezaliwa mwaka 1814 katika jamaa ya wakulima wa Normandie. Mwaka 1857 alionyesha mjini Paris picha ya wanawake watatu shambani. Wawili wameinama hadi chini. Wa tatu ameinuka nusu. Wanaokota masuke yaliyoachwa na wavunaji. Mbali nyuma yao twaona malundo makubwa ya ngano, gari lililojaa, na msimamizi juu ya farasi. Asomaye kitabu cha Ruthu aijua desturi hiyo. Huko Ufaransa maskini waliruhusiwa kuingia mavuno yakiisha kuondolewa, na kabla ya jua kuchwa. Mwanga wa picha ni wa jioni: muda wao unakwisha.

Kwa nini picha tulivu namna hii iliwaudhi baadhi ya matajiri? Mapinduzi ya mwaka 1848 yalikuwa hayajasahauliwa. Hakuna hata mmoja wa wanawake hao atutazamaye, wala aombaye kitu. Hata hivyo walihisi tishio. Kwa maoni yetu, jambo moja waliliona sawasawa: umbali kati ya malundo yale na viganja vile.

Picha yake nyingine, “Malaika wa Bwana”, yaonyesha mwanamume na mwanamke waliosimamisha kazi ya kuvuna viazi ili wasali. Millet alieleza kwamba alimkumbuka bibi yake, ambaye, kengele ilipolia, aliwasimamisha shambani wawaombee marehemu. Mwaka 1889, miaka 14 baada ya kifo cha Millet, picha hiyo iliuzwa mnadani kwa faranga zaidi ya 550,000. Jamaa yake hawakupata kitu. Sheria ya Ufaransa ya kumgawia msanii na warithi wake sehemu ya bei, picha iuzwapo tena, ilikuja mwaka 1920.