Pikapu ya dizeli: akiba ya mafuta inayoanzia Xiaobei

Pikapu ya dizeli inapoanza kunywa mafuta kupita kiasi, iwe Mbeya, Eldoret au Goma, lawama ya kwanza humwangukia dereva, na ya pili fundi. Lakini mara nyingine chanzo cha hasara hiyo kimesafiri maelfu ya kilomita ndani ya kontena la vipuri, kutoka mji wa Guangzhou, kusini mwa China.

Katika mji huo, mtaa wa Xiaobei umekuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiafrika kwa zaidi ya miongo miwili. Filta, nozeli na themostati zinazochaguliwa huko huishia katika maduka ya Kariakoo mjini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi na soko la Kisekka mjini Kampala. Uamuzi wa mnunuzi mmoja huko China waweza kupunguza au kuongeza gharama ya mafuta ya mamia ya wenye magari ambao hatawaona kamwe.

Mtaa wa Xiaobei

Xiaobei umo katika wilaya ya Yuexiu, kando ya Barabara ya Huanshi, na jengo lake linalojulikana zaidi kwa Waafrika ni Tianxiu. Wafanyabiashara kutoka Afrika walianza kuingia Guangzhou kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990, na idadi yao iliongezeka baada ya China kujiunga na Shirika la Biashara Duniani mwezi Desemba mwaka 2001.

Xiaobei wenyewe si soko la vipuri. Ni mahali pa kulala, kula chakula halali, kukutana na wakala na kupanga usafirishaji wa mizigo. Kwa mahitaji ya magari, wanunuzi hutoka kwenda kwingine. Barabara ya Yongfu, iliyo upande wa mashariki, imejulikana kwa miaka mingi kwa mapambo na vifaa vya ziada, ilhali masoko ya eneo la Guangyuan yamejulikana kwa vipuri vya injini na vya chini ya gari.

Tarehe 28 Machi mwaka 2020, kutokana na janga la Covid-19, China ilisitisha kuingia kwa raia wengi wa kigeni. Waafrika wengi waliondoka Guangzhou, na mipaka ilifunguliwa tena tarehe 8 Januari mwaka 2023. Tangu wakati huo wafanyabiashara wengi huagiza mizigo kwa simu kupitia mawakala, bila ya kuigusa bidhaa kabla ya kuilipia.

Injini ya dizeli na usafi

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama ile ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ikawa moto mkali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli mfano wa ukungu, nayo huwaka yenyewe. Ukungu ukiwa mwembamba na ukija kwa wakati wake, karibu mafuta yote huungua. Nozeli ikidondosha matone badala ya ukungu, sehemu ya mafuta hutoka ikiwa moshi mweusi, na dereva hulazimika kukanyaga zaidi ili apate nguvu ile ile.

Katika pikapu za kisasa, kama vile Toyota Hilux na Isuzu D-Max zenye mfumo wa kielektroniki wa kusukuma mafuta, shinikizo kwenye nozeli hupita baa 1,000. Sehemu zake zimepishana kwa maikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Ndiyo maana chembe za vumbi zisizoonekana kwa macho zaweza kuiharibu nozeli ya gharama kubwa.

Vipuri vinavyolinda mafuta

Filta ya dizeli ndiyo mlinzi wa kwanza. Iliyo nzuri huzuia chembe ndogo na hutenga maji, ambayo hukaa chini ya filta na kupaswa kumwagwa mara kwa mara. Filta duni yaweza kufanana na nyingine kwa umbo na rangi, lakini ndani ina karatasi chache, gundi dhaifu, au karatasi inayopitisha kile inachopaswa kuzuia. Usipoziba ufa utajenga ukuta: aliyeokoa fedha kidogo kwenye filta huja kununua nozeli nne.

Filta ya hewa nayo haipaswi kupuuzwa, hasa katika barabara za vumbi. Ikiziba, injini hukosa hewa ya kutosha na hutoa moshi. Ikipitisha vumbi, hukwangua silinda na tabo. Kuipuliza kwa kompresa mara nyingi mno huweza kuitoboa karatasi yake.

Kipuri kinachodhulumiwa zaidi ni themostati. Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki huondolewa kwa imani kwamba nchi za joto haziihitaji. Kazi yake ni kuifanya injini ifikie haraka joto lake la kazi, aghalabu kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi, kisha ibaki hapo. Isipokuwepo, injini hukaa baridi kwa muda mrefu, oili hubaki nzito, na kompyuta ya gari huendelea kuongeza mafuta. Gari linalochemka linahitaji kutibiwa rejeta iliyoziba, pampu ya maji au feni.

Vifaa vya miujiza

Pamoja na vipuri vya kweli, masoko ya Guangzhou, kama masoko mengine duniani, huuza vifaa vinavyodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta kwa kiwango cha kustaajabisha: sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta, feni ndogo za kuzungusha hewa, vidonge vya kutia ndani ya tangi, na vijisanduku vya kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari. Ni vyepesi, ni rahisi kusafirisha, na faida yake kwa muuzaji ni kubwa.

Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limekwisha kuchunguza zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo kwa miaka mingi. Tume ya Biashara ya nchi hiyo imeeleza kwamba hakuna hata kimoja kilichoonekana kupunguza matumizi ya mafuta kwa kiwango kikubwa.

Halisi, mbadala na bandia

Si kila kipuri cha China ni kibaya, na dhana hiyo imewagharimu wengi. Kuna vipuri vinavyotoka kwa mtengenezaji wa gari. Kuna vipuri mbadala, vinavyotengenezwa na viwanda vyenye jina lao wenyewe, navyo ni halali. Vingine ni bora, vingine ni hafifu. Na kuna vipuri bandia, vinavyobandikwa jina la kampuni nyingine ili kumhadaa mnunuzi. Kipuri mbadala chenye jina la kiwanda chake kina mtu wa kuulizwa kikiharibika. Kipuri bandia hakina.

Boksi na nembo si ushahidi, kwa kuwa vyote viwili huchapwa kwa urahisi. Mnunuzi mwangalifu hulinganisha namba ya kipuri, hupima uzito wa filta, na huikata moja kutazama mikunjo ya karatasi, gundi na vali yake. Huweka sampuli iliyotiwa saini na pande zote mbili, na humaliza malipo baada ya mzigo kukaguliwa na kulinganishwa na sampuli hiyo. Kwa nozeli za kielektroniki huuliza pia juu ya namba ya urekebishaji iliyochongwa juu yake, kwani katika injini nyingi namba hiyo huingizwa kwenye kompyuta ya gari. Nozeli za boksi moja zikiwa na namba ile ile zote, hiyo ni ishara ya hatari.

Sheria nazo zipo. Kenya ilianzisha mwaka 2005 utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa kabla hazijasafirishwa, na Tanzania ikafuata mwaka 2012. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, na nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani. Mfanyabiashara ambaye shehena yake inakamatwa bandarini hupoteza mtaji wote, hata kama alidanganywa na wakala.

Ubora wa dizeli

Kipuri bora hakiwezi kuokoa injini inayolishwa mafuta mabaya. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupoteza ulaini unaohitajika kulainisha pampu na nozeli. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwatambua wanaochakachua, na mwezi Septemba mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi cha bei. Kenya vilevile ilianza mwezi Januari mwaka 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kiwango kilichokubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mguu wa dereva

Baada ya vipuri na mafuta, huja mwendo. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: katika kilomita 110 kwa saa huwa karibu mara mbili ya ule wa kilomita 80. Mizigo juu ya keria na matairi mapana huongeza gharama. Kushusha mlango wa nyuma wa pikapu, kinyume na imani ya wengi, hakusaidii. Mlango ukifungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi na upepo mwingine hupita juu yake.

Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba matumizi ya mafuta hupanda kwa asilimia 0.2 kwa kila pungufu ya kipimo kimoja cha presha, yaani psi moja, katika matairi yote. Ni kiasi kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Ringi inayokutwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari yaweza kuashiria breki inayoshika muda wote.

Kutoa gia kwenye mteremko ni kosa la hatari. Katika injini za kielektroniki, gari linaloteremka likiwa kwenye gia, bila ya kukanyagwa mafuta, hukata kabisa dizeli; likitolewa gia, injini huhitaji mafuta ili isizime. Katika miteremko kama Kitonga mkoani Iringa au Salgaa nchini Kenya, breki zilizoachwa peke yake zimegharimu maisha ya watu.

Kupima kabla ya kusifu

Njia ya kuaminika haihitaji kifaa chochote. Tangi hujazwa hadi juu, kilomita huandikwa, na baada ya safari za kawaida hujazwa tena katika kituo kile kile. Lita zilizoingia hugawanywa kwa kilomita zilizokwenda, kisha huzidishwa kwa 100. Kipimo kirudiwe mara tatu au nne, kabla na baada ya matengenezo.

Kwa mfano, pikapu inayokwenda kilomita 30,000 kwa mwaka, ikishuka kutoka lita 12 hadi lita 10.5 kwa kila kilomita 100, huokoa lita 450. Kwa mkulima anayepeleka mazao sokoni, hicho ni kiasi cha mafuta ya safari ya zaidi ya kilomita 4,000. Vipimo kama hivyo, vikiandikwa na kurejeshwa kwa muuzaji wa Kariakoo au Kirinyaga, ndivyo vinavyoweza kumfikia wakala wa Xiaobei kabla ya kontena linalofuata kufungwa.