Ukimya wa Banani

Ibada zetu hapa Wesha hujaa nyimbo, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kisiwa hiki kimejua pia sala ya namna nyingine.

Mwaka 1897, mwaka ule ule Sultani Hamoud alipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, Marafiki wa Uingereza, yaani Wakweka, walianzisha misheni Banani, shamba la karafuu karibu na Chake Chake. Mmoja wao alikuwa Theodore Burtt. Waliotoka utumwani walifanya kazi pale kwa ujira. Kwa desturi yao ya asili, Marafiki hawana kasisi wala kitabu cha sala: huketi pamoja kimya wakimngoja Mungu, na anayeguswa na Roho husimama akanena.

Zama hizo hizo tarika ya Kadiria, aliyoieneza Zanzibar Sheikh Uways wa Barawa, iliwavuta wengi, wakiwemo watumwa. Katika zikri jina la Mungu hurudiwa, sauti na pumzi zikienda pamoja, hata mawazo mengine yakatulia.

Hatusemi imani hizi ni moja; sisi twamkiri Kristo. Ila tuwatafakari watu wale, walioamrishwa maisha yao yote, sasa wakikaa mbele za Mungu bila bwana mwingine juu yao.

Eliya kule Horebu hakumsikia Bwana katika upepo wala moto, bali katika sauti ndogo ya utulivu. Basi tukisikia zikri ya jirani usiku, tusinung'unike. Tujiulize: sisi twamwachia Mungu nafasi gani ya kusema?