Hewa Hii Imetoka Wapi? Swali Lililobadili Utabiri

Kiangazi cha mwaka 1918 Norwei haikuwa vitani, lakini vita ilikuwa imeingia jikoni. Nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli, nafaka ya kutoka nje ikaadimika, na mkulima wa pwani ya magharibi alitakiwa avune kila punje kabla mvua haijaiozesha. Wakati huohuo, telegramu za hali ya hewa kutoka Uingereza zilikuwa zimesitishwa kwa kuwa ni siri ya kijeshi. Watabiri hawakuona tena kilichokuwa kikija kutoka baharini, na huko ndiko mvua yao ilikotoka.

Profesa Vilhelm Bjerknes, mwanafizikia aliyehamia Bergen mwaka 1917 akitokea Leipzig, aliamua kwamba kama bahari haisomeki, basi pwani isomwe hatua kwa hatua. Vikafunguliwa makumi ya vituo vipya. Wavuvi, walinzi wa minara ya taa na mabaharia waliokuwa wakivizia nyambizi wakawa wapimaji wa upepo, joto na mawingu. Kuchora ramani mjini Bergen kukawa kazi ya mwanawe Jacob, kijana wa miaka 20.

Kwa kuwa vituo vilikaribiana, Jacob aliona jambo lililokuwa likiwapita wengine. Mishale ya upepo kwenye ramani haikugeuka taratibu, ilikutana ghafla kwenye mstari. Upande mmoja wa mstari hewa ilikuwa ya joto, upande wa pili baridi. Palipokutana ndipo mvua iliponyesha. Makala yake ya mwaka 1919 ilieleza kwamba hewa ya joto ikiipanda ya baridi huleta mvua ya rasharasha ya saa nyingi, na hewa ya baridi ikijipenyeza chini ya ile ya joto huirusha juu, ikaleta mvua kali ya muda mfupi na upepo kubadili upande. Mipaka hiyo ilipewa jina la mstari wa mapambano, kama ule uliokuwa umeitenganisha Ulaya vitani.

Lakini mpaka hauwezi kuwepo bila pande mbili. Msweden Tor Bergeron, aliyefanya kazi na kina Bjerknes, alizigeukia pande zenyewe. Mwaka 1928 aliyapanga matungamo ya hewa, yaani maeneo mapana ya hewa yenye tabia moja, kwa asili yake: yametoka ncha za dunia au tropiki, bara au baharini. Hewa ikitulia siku nyingi juu ya eneo pana lenye sura moja, kama Siberia wakati wa baridi au bahari ya joto, hupokea joto na unyevu wa uso ulio chini yake. Ikihama huondoka na tabia hiyo, kisha njia nayo huibadili: hewa baridi ikipita juu ya bahari ya joto hupashwa kutoka chini, ikachemka kuwa mawingu ya manyunyu.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna mipaka mikali ya joto na baridi kama ya Bergen, ila asili ya hewa inatutawala vilevile. Kaskazi hutujia na hewa kavu ya upande wa Arabia. Kusi huokota unyevu Bahari ya Hindi. Pepo hizo zinapokutana hufanya ukanda wa mvua, unaotuletea masika na vuli ukipita. Na watabiri wetu wanapotaja unyevunyevu kutoka misitu ya Kongo, wanauliza lile swali la Bergeron: hewa hii imetoka wapi?

Jacob mwenyewe hakuishia Bergen. Akiwa California, mwaka 1969 alieleza jinsi joto la bahari ya Pasifiki linavyofungamana na mzunguko wa hewa juu yake, msingi wa kuielewa El Niño, ambayo mafuriko yake ya mwaka 1997 na 1998 hayajasahaulika Kenya na Tanzania.

Elimu yote hiyo ilianza kwa watu wa kawaida kupima hewa kila siku, kwa saa ileile. Kila kituo cha hali ya hewa kinachofungwa au kuachwa bila vifaa katika nchi zetu ni pengo kwenye ramani, na atakayelilipia ni mkulima.