Mnyeri ni nani? Historia iliyojificha katika majina ya miji ya Mlima Kenya

Kila uchaguzi unapokaribia, wachambuzi wetu huitaja Nyeri kuwa mji wa kabila moja. Huchora ramani, wakaipaka rangi moja kutoka Othaya hadi Kieni, kisha wakaendelea na safari yao. Kwa hesabu ya kura huenda wana haki. Kwa historia hawana, na ushahidi tunao mdomoni kila siku bila kuutambua. Nazungumzia maneno.

Hebu tuanze na barabara yenyewe. Ukitoka Nyeri kuelekea kaskazini unapita Naro Moru, kisha unafika Nanyuki. Majina yote mawili ni ya Kimaasai. La kwanza lina maana ya mawe meusi na la pili linatokana na neno la rangi nyekundu. Wamaasai wenyewe hawapo tena kwa wingi. Mkataba wa 1904 uliwaahidi ardhi ya Laikipia kwa muda wote ambao wangekuwepo duniani. Miaka saba baadaye ukaja mkataba mwingine, na kati ya 1911 na 1913 watu na mifugo yao wakaswagwa kuelekea kusini ili walowezi wapate malisho. Walienda kortini 1913 wakashindwa. Watu waliondolewa, majina yakabaki.

Hata hivyo, si wote waliokwenda kusini, na hapa ndipo hoja ya kabila moja inapoanza kupwaya. Katika karne ya kumi na tisa, vita baina ya Wamaasai wenyewe viliwatawanya watu wa Laikipia. Baadhi yao walikimbilia kwa majirani: wengine Meru, wengine upande wa Gaki, jina la kale la Nyeri. Walioana, wakapewa koo, wakawa Agikuyu. Wagikuyu humwita Mmaasai Ukabi, na hadi enzi za ukoloni walikuwa na taratibu mbili za kutahiri vijana, moja ikiitwa ya Gikuyu na nyingine ya Ukabi. Zote mbili zilikuwa halali, na kijana alifuata ile ya jamaa zake. Kisha kuna jina Nyokabi. Ni nani hana shangazi, mwanafunzi au jirani anayeitwa Nyokabi? Maana yake ni mwanamke wa kwa Ukabi. Na kwa kuwa Agikuyu huwapa watoto majina ya nyanya na babu zao kwa mpangilio maalumu, jina hilo limepokezwa kutoka kizazi hadi kizazi kama stakabadhi. Mwanamke mmoja wa Kimaasai aliyeolewa zamani anaweza kuwa na wajina wake mamia leo, wote wakijiandikisha kuwa Wakikuyu halisi. Nao ni halisi, bila shaka. Ninachopinga ni dhana kwamba uhalisi ni kutochanganyika.

Mji wenyewe, kwa maana ya mabati, gereza na ofisi ya ushuru, ulianza Desemba 1902. Richard Meinertzhagen, afisa kijana wa jeshi la KAR, aliwashambulia watu wa Tetu baada ya msafara wa wafanyabiashara kuvamiwa, kisha kituo kikajengwa karibu na kilima cha Nyeri. Shajara yake aliichapisha 1957, na wanahistoria wamejifunza kuisoma kwa tahadhari, maana mwandishi wake alipenda kujisifu. Lakini jambo moja halina ubishi: askari waliokuwa chini ya maafisa kama yeye hawakuwa Waingereza. Walikuwa Wasudani, Waswahili na watu wa makabila mengine, pamoja na wapiganaji wa Kimaasai waliojiunga kama wasaidizi. Kwa hivyo siku ya kwanza ya mji wa Nyeri, lugha iliyosikika kambini haikuwa Kiingereza wala Kigikuyu. Ilikuwa Kiswahili cha kambi, chenye amri nyingi na adabu chache.

Na askari akistaafu, aende wapi? Hapo ndipo tunafika Majengo.

Neno hili lingestahili tasnifu nzima. Kuna Majengo Nyeri, Majengo Nanyuki, Majengo Meru, Majengo Embu, na ile ya Pumwani, Nairobi, inayojulikana kuliko zote. Kwa sarufi ni wingi wa jengo. Kwa historia ni mahali alipotengewa Mwafrika wa mjini asiyekuwa kibarua wa kupita. Hapo waliishi askari wastaafu, wapagazi waliochoka na misafara, wachuuzi kutoka pwani, na wenyeji waliosilimu. Walikuwapo pia wanawake waliotoka vijijini kwa sababu zao, wakajenga nyumba za udongo na kupangisha vyumba. Msikiti uliwaunganisha, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani, si ya sokoni tu. Mtoto wa Mnyamwezi na Mgikuyu aliyezaliwa hapo aliitwa Mswahili, hata kama hajawahi kuiona bahari.

Agikuyu walikuwa na neno lao: Mucomba, wingi Acomba. Lilimtaja mtu wa pwani au Mwarabu, baadaye hata Mzungu. Yaani mgeni aliyekuja kutoka kule ng'ambo na vitu vyake. Kwa Wameru, Kiswahili chenyewe kikaitwa Kichomba. Tazama ajabu yake: bara ya leo inafundisha Kiswahili kama lugha ya taifa, lakini lugha za mlimani zilikisajili kama lugha ya wageni. Papo hapo zilikula matunda yake bila haya: nduka kutokana na duka, thabuni kutokana na sabuni, thigari kutokana na askari, rubia kutokana na rupia.

Mwenye duka alikuwa Mhindi. Kuhusu Wahindi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki mengi yamesemwa, nami sitarudia simulizi za mizani na sukari. Nitaongeza tu kwamba kuondoka kwa wengi wao hakukuwa kwa hiari tupu. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi, na madukani majina ya juu ya milango yakabadilika. Julai 2017 serikali ikatangaza kuwa Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44 la Kenya. Miaka hamsini kutoka leseni hadi kabila! Waliobaki walikuwa wameshazika babu zao hapa.

Wazungu nitawapitia upesi kwa kuwa watalii hawaachi kuwakumbuka. Baden-Powell alifariki Nyeri Januari 1941 na kuzikwa hapo, na Jim Corbett, mwindaji maarufu wa India, alimfuata 1955. Waitaliano husahaulika zaidi. Wamisionari wa Consolata waliingia Ugikuyu 1902, mwaka uleule wa kambi ya kijeshi. Vita vya pili vikaleta Waitaliano wa aina nyingine, mateka wa vita. Watatu kati yao, wakiongozwa na Felice Benuzzi, walitoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943, wakapanda Mlima Kenya, wawili kati yao wakafika Lenana, kisha wakarudi kujisalimisha. Mtawala wa Addis Ababa aliyeshindwa, Mwanamfalme Amedeo wa Aosta, alifia Nairobi 1942. Amezikwa Nyeri, katika kanisa la kumbukumbu pamoja na wanajeshi wake.

Sasa tuzingatie karatasi. Sensa za kikoloni za 1911, 1921, 1926 na 1931 zilihesabu wasio Waafrika pekee. Ilibidi tungoje hadi 1948 ili Waafrika wote wahesabiwe kichwa kwa kichwa. Ukisoma takwimu za mwanzo, Nyeri inaonekana kuwa mji wa Wazungu, Wahindi na Waarabu wachache. Ukisoma za leo, inaonekana kuwa ya Wakikuyu. Hakuna wakati ambapo Majengo ilionekana vizuri katika safu yoyote. Mpaka wa nani ni "native" ulikuwa wa mapambano: Sheria ya 1919 iliwapa baadhi ya Wasomali msamaha wa kutohesabiwa hivyo, na Waisaaq, ambao wazee wao walipigania Uingereza na kisha wakapewa makazi Isiolo, waliendelea kwa miaka mingi kudai hadhi ya Waasia. Usiwacheke. Hadhi ndiyo iliyoamua kodi, ardhi na barabara unayoruhusiwa kuitembea.

Swali hilo halijaisha. Kijana wa Majengo anapokwenda kuomba kitambulisho huulizwa kabila, kisha huulizwa kwao ni wapi. Akijibu "hapa", karani humtazama kama aliyefanya mzaha. Waislamu, Wanubi na Wasomali wa mijini wamelalamikia msasa huo kwa miaka, na ni kweli kwamba msasa huo huanzia katika neno. Pwani neno lipo. Mtu wa Lamu ni Mwamu, wa Pate ni Mpate, wa Siu ni Msiu, na Mvita iliwapa watu wake jina Wamvita, waliokuwa miongoni mwa Thenashara Taifa wa Mombasa. Mji ulitosha kuwa asili. Bara tulikataa sarufi hiyo. Tunasema Mnyeri, lakini tunamaanisha Mgikuyu wa Nyeri. Mtu wa Majengo, aliyezaliwa hapo na mama yake kuzaliwa hapo, haingii katika neno hilo.

Nanyuki pia haina neno. Kwa miongo kadhaa wanajeshi wa Uingereza wamekuwa wakifanyia mazoezi huko, na wamewaachia wanawake wa mji huo watoto ambao barabarani huitwa "pointi" au chotara. La kwanza ni hesabu, la pili lina harufu ya dharau. Nimepekua kamusi zangu nikitafuta la tatu ambalo mwalimu angeweza kulitumia darasani mbele ya mtoto mwenyewe. Kwa sasa, ninaona Mnanyuki ndilo linalofaa.